Lango Halikujifunga

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Mawingu mazito tangu alfajiri, manyunyu ya kuja na kupotea, upepo hakuna. Nyasi za uwanja wa michezo zilikuwa na utelezi, na viti vya plastiki vilivyopangwa chini ya mahema vilifutwa kwa matambara, vikaloa, vikafutwa tena.

Ilikuwa kumbukumbu ya mwaka wa ishirini. Mwanamke ninayeandika habari zake aliamka kabla ya jua, akapiga pasi gauni lake jeusi, akalivaa, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda na karatasi moja mapajani. Ilikuwa na sentensi chache, ambazo mtoto wa shule ya msingi angezisoma bila kukwama. Yeye alikwama kwenye neno moja.

Kazini tunamwita Spika. Ndiye mtangazaji wa kituo kikuu cha mabasi, na mgeni akiambiwa "mwulize Spika" hudhani ataonyeshwa mbunge. Anaonyeshwa mlango wa mbao uliobandikwa "Kimya Tafadhali", na nyuma yake mama wa makamo mwenye miwani ya kamba, kikombe cha maji ya vuguvugu na kipaza sauti kilichofungwa kitambaa. Chumba changu cha mizigo kimetenganishwa na chake kwa ukuta wa mbao, kwa hiyo mengi nitakayosema niliyasikia kwa masikio yangu, na mengine nimesimuliwa na yeye mwenyewe au na mama yake.

Alianza pale kama mkata tiketi baada ya kumaliza sekondari. Siku moja mtangazaji wa wakati ule alipatwa na mafua, sauti ikawa kama ya jogoo aliyenyeshewa, naye akasukumwa chumbani kuziba pengo. Hajatoka mpaka leo. Aliolewa na dereva wa masafa marefu ambaye safari moja hakurudi. Hakufa, hakurudi tu. "Huyo nisingeweza kumtangaza," husema. "Sikujua anafika lini wala geti gani."

Nyumbani huongea chini kiasi kwamba mama yake humwambia, "Sauti yote umeiacha kazini, mimi umeniletea makapi." Kazini ana neno moja ambalo wasichana wote aliowafundisha wanalijua. Tangazo likikosewa, halirekebishwi kimyakimya. Zamani mtangazaji mmoja alisoma geti lisilo lake, akagundua, akasoma geti sahihi kama vile hakuna kitu, na nusu ya abiria waliosikia la kwanza wakapanda basi la mji mwingine, akiwemo bibi aliyekuwa akiwahi hospitali. Tangu hapo ikawa amri. Unasema "Masahihisho", unataja kosa kama lilivyosomwa, unasema kuwa ni kosa, kisha unatoa lililo sahihi, na unarudia. Spika huwaambia wasichana, "Ukikosea usipite kama paka ukutani. Simama, sema umekosea. Mtu yuko huko nje na mzigo kichwani, anakuamini."

Sasa nieleze la uwanjani.

Miaka ishirini iliyopita palikuwa na mechi kubwa ya usiku. Uwanja ulijaa. Kipindi cha pili kilipoanza taa zilizimika, pakasikika mlio ambao wengine waliudhani ni bomu, na watu waliokaa upande wa mashariki wakakimbilia lango lao. Lango lilikuwa limefungwa kwa nje, kwa mnyororo na kufuli, ili barabara ya upande ule ibaki wazi kwa magari ya mgeni mkubwa aliyetaka kuondoka mapema asikutane na foleni. Waliotangulia kufika walibanwa kwenye vyuma, na waliofuata hawakujua, wakaendelea kusukuma. Zaidi ya watu mia walikufa pale wamesimama. Mmoja wao alikuwa mdogo wake Spika, kitinda mimba wa nyumba, mwanafunzi wa ushonaji, aliyekwenda na wenzake wa darasa.

Bawabu wa lango aliieleza tume kwamba aliambiwa afunge, akafunga. Alimtaja aliyemwambia: mkuu wa ulinzi wa uwanja. Tume ikaandika ripoti. Ripoti ikakabidhiwa, ikapigwa picha mezani, na hakuna mtu wa kawaida aliyeifungua hadi leo. Bawabu akahamishwa. Mkuu wa ulinzi naye alihamishwa, lakini yeye alihamishwa kwenda juu, na juu, na juu tena, mpaka siku hizi anaitwa Mheshimiwa.

Mwaka wa kwanza familia zilikusanyika zenyewe nje ya lango, bila hema wala kiti. Mtu alikuja na kipaza sauti cha mkononi cha kutangazia minada, na Spika akaombwa asome kwa kuwa ndiyo kazi yake. Maneno yalitungwa pale pale, na sentensi iliyokuwa nzito kuliko zote aliitoa mama yake: "Lango la mashariki lilifungwa kwa nje, na watu wetu wakauawa."

Miaka iliyofuata ofisi ya mji ikaunda kamati. Kamati ikaleta mahema, maji ya chupa na ratiba. Ikaleta pia kalamu. "Wakauawa" ikawa "wakafariki". Baada ya miaka michache "wakafariki" ikawa "wakapoteza maisha", na mama yake Spika akafoka mbele ya redio yake. "Wamepoteza! Kama mtu aliyepoteza kitana? Si wangeyatafuta chini ya kochi!" Halafu "kwa nje" nayo ikakatwa, eti kufupisha. Kila mwaka familia zilinung'unika, zikapewa maji ya chupa, zikanyamaza. Lakini "lilifungwa" ilibaki. Mama alikuwa amevunjika nyonga na hatoki nyumbani. Kila mwaka aliketi karibu na redio akisubiri neno lile lisomwe kwa sauti ya mwanawe. Likisomwa, alizima. Yaliyobaki hayakumhusu.

Jumanne jioni, siku mbili kabla ya kumbukumbu, katibu wa kamati alifika nyumbani kwao. Kijana nadhifu, shati limenyooka kama karatasi mpya, viatu kavivua mlangoni mwenyewe bila kuambiwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kaa. Hapo usikae, mguu wa kiti hicho mgonjwa kama mimi."

Katibu akacheka, akahamia kochi, akatoa karatasi. Akasema mwaka huu ni wa pekee, kwa kuwa jiwe la kumbukumbu litafunuliwa langoni, na Spika atasoma maandishi ya jiwe kwa niaba ya familia, moja kwa moja redioni. Akaomba awasomee.

"Katika uwanja huu watu wetu walikuja kutazama mpira. Taa zilizimika. Lango la mashariki lilifungika. Watu wetu wakapoteza maisha. Hatutawasahau."

"Rudia hapo kwenye lango," alisema mama.

"Lango la mashariki lilifungika."

"Lilifungi-nini?"

"Lilifungika, mama."

Mama alimtazama bintiye, kisha akamgeukia katibu. "Mwanangu, umewahi kuliona lango lile? Chuma kitupu. Wanalifunga wanaume wawili, mmoja anasukuma, mwingine anavuta mnyororo. Siku hiyo lilifungika lenyewe? Lilichoka kukaa wazi?"

"Mama, ni lugha ya upole tu. Baada ya miaka ishirini tunataka maneno ya kuponya."

"Nani kakwambia mimi naumwa maneno?"

Spika aliuliza taratibu, "Kwa nini mmelibadilisha?"

"Dada yangu, ni herufi mbili tu."

"Kama ni mbili tu, zitoeni."

Katibu alijifuta paji la uso. Nadhani hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyetumwa. Akasema, "Nikwambie ukweli, dada. Ukisema lilifungwa, watu watauliza: na nani? Ukisema lilifungika, hakuna swali."

"Si waulize!" alisema mama. "Mimi nauliza mwaka wa ishirini huu."

"Mama, mgeni rasmi ndiye atakayefunua jiwe."

"Nani?"

Katibu alimtaja kwa cheo.

Mama akasema, "Yule aliyesema fungeni?"

"Hilo halikuthibitishwa, mama."

"Halikuthibitishwa, au halikuthibitika?"

Spika alicheka, hakuweza kujizuia. Katibu hakucheka. Alieleza kwamba jiwe limeshachongwa, limeshasimikwa, limefunikwa kitambaa. Kwamba Spika akikataa kusoma, yupo msichana wa redio ataisoma vilevile, "kwa niaba ya familia". Na mlangoni, akivaa viatu, aliongeza jambo ambalo Spika alilibeba usiku kucha.

"Na dada, tafadhali, usije ukaweka lile neno la zamani katikati ya kusoma. Tutasema tu ulimi umeteleza, na jiwe litabaki kama lilivyo. Utajiaibisha bure."

Mama alisubiri hadi hatua zake zilipopotea. "Sikiliza," alimwambia bintiye. "Mdogo wako amelala chini, hana mdomo. Mdomo wake ni wewe. Ukiisoma hiyo kwa watu, usirudi hapa ukaniamkia kwa sauti hiyohiyo."

Kesho yake kituoni meneja alimwita. Sikuhitaji kusogea ukutani, kwa kuwa meneja wetu hajui kunong'ona.

"Nimepigiwa simu kuhusu wewe. Kituo hiki ni cha ofisi ya mji, unalijua hilo?"

"Najua, bosi."

"Kazi yako ni nini?"

"Kusoma."

"Kusoma nini?"

"Ninachopewa."

"Umewahi kubadilisha ratiba niliyokupa?"

"Hata siku moja."

"Basi kesho fanya hivyohivyo. Soma ulichopewa, shuka, kaa, kunywa maji. Ukileta mambo, sina pa kukuficha."

Spika alirudi kwenye kipaza sauti. Nilimsikia akitangaza basi la saa nne, geti la tatu, kwa sauti ileile ya kila siku, tulivu, kila silabi mahali pake. Baadaye alikuja chumbani kwangu kuazima gundi, akasimama bila kuitumia.

"Nikikataa, wanamweka yule msichana," alisema. "Nikisoma, wanasema familia zimekubali. Nikiteleza, nimeteleza."

Nilimwambia mama zake wa kituoni watakuwepo, yaani wauza chai na wafagiaji. Akatikisa kichwa, akaondoka na gundi, hajairudisha hadi leo.

Siku ya siku, wageni walikaa chini ya hema jeupe lenye mapazia. Familia zilikaa chini ya mahema ya kawaida, na wengi wetu tukasimama, manyunyu yakitushukia mabegani. Mheshimiwa alifika amechelewa, miwani myeusi machoni siku isiyo na jua. Wakati wa dakika ya ukimya, simu iliita katika safu ya mbele, wimbo mzima, mwenyewe akiitafuta mfukoni. Mama mmoja wa familia alisema kwa sauti, "Pokea, huenda ni bawabu." Watu wakaguna.

Hotuba zilikuwa nyingi, na katika zote sikumsikia mtu yeyote akifanya jambo lolote siku ile ya mechi. Mambo yote yalikuwa yametokea. Msongamano ulijitokeza. Hali ilibadilika. Maisha yalipotea. Ungedhani uwanja mzima ulikuwa mtupu, hauna watu, isipokuwa waliokufa.

Mshereheshaji akamwita Spika. Alipanda jukwaani taratibu kwa sababu ya utelezi, akavaa miwani, akasogeza kipaza sauti umbali wa kiganja, kama afanyavyo kazini. Nilimwona katibu kasimama kando, mikono kaishika mbele, midomo ikisoma pamoja naye.

"Katika uwanja huu watu wetu walikuja kutazama mpira. Taa zilizimika."

Akashusha kidole kwenye mstari uliofuata.

"Lango la mashariki lilifungika."

Neno lilitoka safi, kubwa, bila kuteleza. Kwenye mahema ya familia palisikika mguno, kama watu waliokanyagwa wote kwa pamoja. Mzee mmoja aliinuka, akavaa kofia, akaanza kuondoka. Katibu alilegeza mabega.

"Watu wetu wakapoteza maisha. Hatutawasahau."

Mheshimiwa alishaanza kupiga makofi. Spika hakushuka. Aliikunja karatasi, akavua miwani, akasema:

"Masahihisho."

Wasiotumia mabasi hawakuelewa. Lakini sisi wengine, ambao tumesubiri miaka kwenye mabenchi ya kituo kile, tuliinua vichwa kwa pamoja, kwa mazoea, kama mtu aliyeitwa jina. Yule mzee wa kofia alisimama njiani.

"Katika tangazo lililotangulia, pamesomwa: lango la mashariki lilifungika. Hilo ni kosa. Lililo sahihi ni: lango la mashariki lilifungwa. Narudia. Lango la mashariki lilifungwa. Pia pamesomwa: watu wetu wakapoteza maisha. Hilo ni kosa. Lililo sahihi ni: watu wetu wakauawa. Narudia. Watu wetu wakauawa. Samahani kwa usumbufu."

Hiyo "samahani kwa usumbufu" ndiyo iliyowavunja watu. Wauza chai wa kituoni walicheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani, kikasambaa mahema yote. Kilipoanza kupungua, mwanamume mmoja upande wa familia aliuliza kwa nguvu, kama abiria anayeuliza geti:

"Lilifungwa na nani?"

Spika alijibu kwenye kipaza sauti, "Hilo sikupewa."

"Na nani?" aliuliza mwingine. "Na nani?" wakauliza wanawake, na swali likapita kutoka hema hadi hema, kwanza vipande vipande, kisha kwa pamoja. Mshereheshaji aliita muziki. Muziki ukalia, watu wakauliza juu yake. Mheshimiwa alisukumwa haraka hadi kwenye jiwe, akavuta kitambaa, kitambaa kikanasa kwenye pembe, akavuta tena, kikachanika. Pale, kwa herufi za dhahabu, palikuwa na "lilifungika". Waliokuwa karibu waliisoma kwa sauti, kisha wakamgeukia yeye mwenyewe, uso kwa uso, wakamuuliza. Aliingia garini. Barabara ya mashariki ilikuwa imewekwa wazi kwa ajili yake.

Ningependa kuandika kwamba Spika alirudi nyumbani akapokelewa kwa vigelegele. Haikuwa hivyo. Redio ilikuwa imekata matangazo. Aliposema "Masahihisho", mtu mahali fulani alibonyeza kitufe, na wasikilizaji wakapewa kinanda. Mama yake alisikia "lilifungika", kwa sauti ya mwanawe, safi kabisa. Halafu kinanda.

Mimi na Spika tulimkuta kageukia ukuta.

"Mama, shikamoo."

Kimya.

"Mama, nimelisahihisha. Watu wote wamesikia."

"Hata mimi nimesikia."

"Walikata, mama. Baada ya pale walikata."

"Redio ilikuwa nzima."

Nilijaribu kueleza mimi. Alinijibu bila kugeuka, "Wewe ni rafiki yake, utasema nini?" Majirani waliingia wakisimulia wote kwa mpigo, mmoja akiigiza kitambaa kilivyonasa, mwingine akiigiza miwani. Mama aliwasikiliza, kisha akawakatiza. "Nyie mlikuwepo. Mtakufa, mimi nitakufa, na jiwe litabaki. Jiwe linasemaje?"

Spika alikaa sakafuni, gauni jeusi lina matope pindoni, akaanza kuvua viatu, akaacha kimoja mguuni. Siku ile ndiyo nilimwona amekasirika kweli. Jukwaani alikuwa kazini.

"Wamechukua mpaka hilo," alisema. "Wamemnyang'anya mama yangu neno alilolitunga mwenyewe, wakamrudishia la kwao kwa mdomo wangu."

Jua lilikuwa halijazama mtu alipobisha hodi. Alikuwa mchonga mawe, fundi wa ile yadi iliyo nyuma ya soko, mwanamume mfupi mwenye vumbi jeupe mpaka kwenye kope. Alisimama mlangoni kama aliyekuja kupokea kipigo.

"Shikamoo mama. Ile kazi ni yangu. Lile jiwe."

"Marahaba," alisema mama kwa ukuta. "Hongera. Herufi zimenyooka?"

"Mama, nilichonga mawili."

Mama akageuka.

Fundi alieleza kwa haraka, bila kukaa. Karatasi ya kwanza aliyoletewa na kamati ilikuwa na "lilifungwa". Akachonga, akang'arisha, akamaliza. Kisha katibu akarudi na karatasi nyingine, akamwambia lile la kwanza limeharibika, achonge jingine, na la kwanza alivunje litumike kama kokoto. "Jiwe la watu waliokufa, nilipige nyundo? Mkono uligoma. Nililigeuza uso ukutani, nikawaambia nimevunja. Leo nilikuwa pale uwanjani, nimesimama nyuma. Nimeona aibu. Dada, kama mnalitaka, mje mlichukue. Mimi nimeandikiwa livunjwe, kwa hiyo kwangu halipo."

"Lina 'wakauawa'?" aliuliza Spika.

"Hapana. Lina 'wakapoteza maisha'. Hilo walishalibadilisha kabla. Lakini 'lilifungwa' limo."

Mama alimwangalia muda mrefu. "Maneno matamu nimesikia mengi leo," alisema. "Nitaamini nikiliona."

Kesho yake, Ijumaa, kulikuwa na mawingu mepesi na ardhi imekauka. Spika hakwenda kazini asubuhi. Alimtumia meneja ujumbe kwamba ataingia mchana, kama bado ana kazi. Alivaa kanga kiunoni juu ya sketi ya kazi, akaenda yadini na mwenye mkokoteni, nami nikawafuata kusukuma. Jiwe lilikuwa zito kuliko tulivyodhani. Tulilipandisha watu watatu, fundi akituelekeza na kutukemea tusilikwaruze, kisha akaingia ndani ili asituone tukiondoka.

Hatukwenda uwanjani moja kwa moja. Mkokoteni ulipita kwanza nyumbani. Spika na jirani walimtoa mama na kiti chake, kile kizima, wakamweka kizingitini. Mama alivaa miwani ya bintiye kwa kuwa yake haikuonekana, akainama, akaweka kidole kwenye jiwe, akasoma kama mtoto wa darasa la kwanza. Alipofika, alikaza kidole. "Li-li-fu-ngwa." Akarudi nyuma silabi moja, akaisoma tena. Kisha akamtazama Spika.

"Umeamkaje, mwanangu?"

"Salama, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya nendeni, mwenye mkokoteni ana shughuli zake. Na hilo la 'kupoteza', mwambie fundi bado namdai."

Langoni tulilishusha kando ya lile la dhahabu, tukaliegemeza ukutani, tukaliwekea vipande vya matofali lisiyumbe. Kitambaa kilichochanika kilikuwa bado chini, Spika akakiokota akafutia vumbi la jiwe letu. Ndipo akaja askari wa zamu, kijana, akitafuna kitu.

"Mama, habari za asubuhi. Nani kaliweka jiwe hapa?"

"Halikuwekwa, afande," alisema Spika. "Limewekeka."

Askari aliacha kutafuna. Akalisoma jiwe la kushoto, akalisoma la kulia, midomo ikisogea, akarudi la kushoto. Akauliza kama tuna kibali. Spika akamwambia hapana. Askari akasema basi itabidi aandike taarifa kwa wakubwa wake, na Spika akamwambia aandike, tena aandike vizuri, na akifika kwenye neno la nne la sentensi ya tatu asibahatishe. Kisha akafungua kanga, akaikung'uta, akaikunja ndani ya mkoba, akatuaga, akaanza kutembea kuelekea kituoni.